Wimbo wa Dunguni

Jumanne, 9 Aprili 1912

Daftari hili nilipewa na Bibi wa misheni niandikie mahudhurio ya darasa la akina mama. Mahudhurio ya Januari, Februari na Machi nimeyaandika. Leo hakuna wa kumwandika. Uwele umeanza kujaa, kwelea wameshuka, na wanafunzi wangu wote kumi na mmoja wako mashambani wanaamia ndege. Mimi mwalimu wao pia niko juu ya dungu, jukwaa la kuwafukuzia ndege, tangu alfajiri, na kombeo mkononi na rundo la madongo miguuni. Karatasi zimebaki nyingi. Ni kosa kuziacha bure, au angalau nimejiambia hivyo.

Mume wangu Sila yuko Gulwe. Masika haya mto umekula tuta la reli, na watu wa kikosi chao hawaruhusiwi kurudi nyumbani mpaka walijaze. Kwa hiyo shamba ni langu na ndege ni wangu.

Jumatano, 10 Aprili

Ndege wengi.

Alhamisi, 11 Aprili

Ndege.

Jumamosi, 13 Aprili

Bibi wa misheni aliniuliza mwaka jana kwa nini tunapiga kelele hivi mashambani, mchana kutwa. Nilimwambia ni kwa sababu ya ndege, akaridhika. Lakini ukweli una zaidi. Huku kwetu mtu haamii ndege peke yake. Ukiwafukuza kwako wanatua kwa jirani, jirani akiwafukuza wanarudi kwako. Basi tunapokezana sauti. Wa dungu hili akiita, wa dungu la pili anaitikia, wa tatu anadaka, na kwelea wanakosa pa kutua. Aliyeishiwa na maneno ya kuita anaimba, maana akinyamaza jirani yake ndiye anayeliwa.

Jirani yangu ni Loisi, mke wa mdogo wake Sila. Ana sauti ya mbuzi aliyefungwa mbali na mwanawe. Nyimbo anazozijua ni tatu, na zote zinamsifia yeye.

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani. Nusu ya watu wamebaki mashambani. Mwalimu Methusela, mhubiri wetu, alitufundisha wimbo mwingine wa kitabuni, uliotoka Ulaya na kutiwa maneno ya kwetu. Maneno ni mema na sauti yake ni njema, ila havijazoeana. Tuliusukuma mpaka mwisho. Bibi vikongwe wa nyuma walilala. Mwalimu anahesabu beti kwa vidole na hafumbi jicho hata katika sala, nadhani kwa kuogopa kwamba kuna mtu anafurahi mahali fulani.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nimeimba kitu ambacho hakikuwepo jana.

Sikukusudia. Sauti ya kuita ilinikauka, kwelea walikuwa wanakuja kama vumbi, nikaanza kuimba lililokuwa karibu na mdomo. Tunaimba kwa Kigogo, lakini kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo nayaweka hapa kwa Kiswahili:

Ndege, shamba hili lina mwenyewe.
Mwenyewe yuko Gulwe, anabeba chuma.
Aliyebaki ni mkewe na kombeo.

Kila nilipoinama kuokota dongo, Loisi aliitikia kutoka kwake: “Anabeba chuma!” Hakujua kama ni wimbo mpya. Aliitikia kwa sababu ndege walikuwa wanaelekea kwake.

Baada ya mstari wa tatu sikuwa na kitu. Nikarudia mitatu ileile mpaka jua likazama.

Jumanne, 16 Aprili

Niandike na hili, maana hakuna anayesoma.

Nyimbo zilizoanza kichwani mwangu ni nyingi kuliko nywele zilizobaki juu yake, na hakuna hata mmoja wenye mwisho. Mstari mmoja, miwili, mitatu, halafu najisikia nimesimama uchi. Najua ilipoanzia. Nilikuwa msichana, kwenye ngoma ya wasichana kule Kibakwe, kwa mama yangu. Anayetaka kuanzisha wimbo anatoka mbele. Nikatoka. Nikaanzisha wa kwangu, niliokuwa nimeufikiria mwezi mzima wa kutwanga. Hakuna aliyeitikia. Nikaimba mstari wa pili. Hakuna. Shangazi yangu akakohoa, msichana mwingine akaingia kati na wimbo wa zamani, wote wakaitikia kwa pamoja, mimi nikarudi nyuma kufunga vizuri kaniki ambayo haikuwa imelegea.

Ni miaka kumi na saba. Hakuna aliyekufa. Naandika kama vile ni habari ya mtu mwingine, lakini iliniuma na inaniuma, na tangu siku hiyo sijaanzisha wimbo mbele ya mtu yeyote. Mbele ya ndege sikuhesabu.

Ijumaa, 19 Aprili

Ndege. Loisi ameuanzisha wimbo wangu asubuhi kabla yangu, kana kwamba ameurithi. Nikaitikia.

Jumatatu, 22 Aprili

Wimbo umeshavuka madungu sita. Unaenda mpaka bondeni na kurudi. Inachekesha kusikia maneno yako yanakuja kwako kutoka kwa mke wa mtu usiyemsalimia.

Alhamisi, 25 Aprili

Loisi ameuongezea mwisho. Ameimba leo, kwa sauti ya kusikika Mpwapwa:

Aliyebaki ni mkewe na kombeo,
na mbuzi wangu mweupe amezaa pacha!

Mbuzi wake mweupe kweli amezaa pacha. Lakini wamefikaje kwenye wimbo wangu? Watu wa bonde zima walicheka na wakaupokea. Sasa hakuna anayeuimba bila pacha wa Loisi.

Nimekasirika kutwa nzima. Nilitaka kupiga kelele kwamba huo si mwisho wake. Halafu nikajiuliza mwisho wake ni upi, nikarusha madongo mengi kuliko ndege waliokuwepo.

Jumatano, 1 Mei

Mama Stara amepita na punda wake, kutoka Kibakwe. Ni Mwislamu wa mjini Mpwapwa, anauza chumvi na shanga vijiji vyote vya milimani, na anajua habari za kila nyumba. Nilishuka dunguni kumpa maji.

“Shikamoo, Mama Stara.”

“Marahaba, Anyesi. Huko Kibakwe wana wimbo wa mwanamke ambaye mumewe yuko Gulwe na mbuzi wake kazaa pacha. Unaufahamu?”

Nikasema nimeusikia.

“Umeusikia,” akasema. Akanywa maji taratibu. “Mumeo yuko wapi vile?”

“Gulwe.”

“Na kombeo lile juu la nani?”

Nikamwambia mbuzi si wangu.

“Mbuzi nimeuliza mimi? Sikiliza, mwanangu. Juzi niliambiwa uliua nyoka kwenye ghala kwa mchi. Askari wa kodi alipokuja ulimwambia asubiri nje mpaka umalize kusonga ugali, akasubiri. Sasa mtu kama wewe anaogopa wanawake wanaokuja kwake kuomba chumvi? Hao?”

Nilimwambia hajui hali ilivyo. Akasema hali anaijua, ila chumvi yake inapata unyevu, akampiga punda kofi akaondoka.

Alinichukiza. Nimekuwa nikimfikiria tangu hapo.

Jumapili, 5 Mei

Leo naandika kirefu.

Baada ya mahubiri Mwalimu Methusela alibaki amesimama. Akasema amesikia kuna wimbo mashambani. Bwana wa misheni ameusikia pia akipita njiani, ameupenda, ameuliza kama unaweza kupata maneno ya shukrani ukaimbwa kwenye ibada ya mavuno. Mwalimu akasema yeye hana neno, lakini wimbo usio na mwenyewe hawezi kuuingiza kanisani, maana hajui umetoka tambiko gani. Kama aliyeutunga ni mtu aliyebatizwa, asimame tumwone. Kama hakuna, basi wimbo huo ubaki kwa ndege, na tusiusikie tena kinywani mwa Mkristo.

Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu, upande wa wanawake. Nilijua nasimama. Nilikusanya nguo, nikaweka mkono kwenye bega la mwanamke wa mbele ili niinuke. Nikawaona wote jinsi watakavyogeuka. Nikaona kikohozi cha shangazi yangu, ambaye amekwisha kufa. Mwanamke wa mbele akageuka akadhani namwita, nikamwambia si kitu.

Mwalimu akauliza mara ya pili.

Loisi akasimama. “Ni wangu,” akasema.

Watu wakacheka kidogo, kwa furaha. Mbuzi wake wanamjua. Mwalimu akasema vema, na akamtaka atunge na mwingine mpya kabisa kwa ajili ya ibada, kwa kuwa Mungu amempa kipaji. Loisi akasema ndiyo, Mwalimu, akakaa.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya mawe ili nisikutane na mtu. Nimemchukia Loisi tangu kanisani mpaka mlangoni kwangu. Nilipofika mlangoni chuki ilikuwa imegeuka upande mwingine, na upande huo ndio niliokuwepo mimi.

Jumatatu, 6 Mei

Amekuja kabla sijapanda dunguni. Nilikuwa nimeandaa maneno, akaniwahi.

“Dada, umeniweka pabaya.”

“Mimi?”

“Nani tena? Nimeambiwa nitunge wimbo. Mimi nimetunga nini maishani mwangu, zaidi ya pacha wale?”

“Ulisema ni wako.”

“Nilisimama kwa sababu hukusimama. Nilikuwa nakutazama. Ulijinyanyua, ukashuka. Wimbo ungefukuzwa vile, nami nimeuitikia siku ishirini mpaka koo linaniwasha. Nikae tu?” Akaokota dongo akalipimapima. “Sasa tunga huo mwingine, na upesi. Nitauimba mimi, kama unaogopa.”

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza kwamba wimbo ni wangu. Na mimi nilidhani ninaishi kando ya mwanamke mwenye nyimbo tatu.

Alhamisi, 9 Mei

Ajabu ni kwamba nimeanza. Jina likiwa la Loisi, sijisikii uchi. Nimeandika mistari minne asubuhi, dunguni, kwa kalamu ya risasi, na mitano mchana. Nikikosea, anayekosea ni Loisi. Kuna raha ya wizi ndani yake. Naweza kuishi hivi miaka mingi, nyimbo zangu na mdomo wake, na watu wakamsifu yeye nami nikasikia.

Jumapili, 12 Mei

Sila amepewa siku moja. Alifika adhuhuri, akala, akalala. Alipovua shuka niliona bega la kulia limeota sugu nene, ngumu, rangi ya kwato. Nililigusa akiwa usingizini. Hakuamka. Nimeona haya kwa “anabeba chuma,” maana niliyaimba bila kujua ninasema nini.

Jumatatu, 13 Mei

Nimefuta ile mistari tisa. Ilikuwa mizuri bila sababu. Wimbo utakuwa wa bega.

Jumamosi, 18 Mei

Ndege wamepungua. Uwele umekomaa. Mistari kumi na minne.

Jumanne, 21 Mei

Tumeanza kuvuna. Nakata masuke mchana, naandika jioni mlangoni kabla giza halijaingia. Mistari ishirini na miwili. Siimbi, nyumba za huku ziko karibu karibu. Naandika tu na kuusikia ndani.

Jumamosi, 25 Mei

Mwalimu Methusela alikuja kuuliza darasa litafunguliwa lini. Kuna jambo lililomkalisha muda mrefu kuliko swali lake. Mwishowe akaniuliza kama najua Loisi anaendeleaje na wimbo.

Nikasema nadhani anaendelea vizuri.

“Ni kazi ngumu,” akasema. “Mimi niliwahi kutunga mmoja. Nilipokuwa kijana, Mpwapwa, baada ya ubatizo wangu. Beti sita.”

“Unaimbwaje, Mwalimu?”

“Sijui. Niliuficha kwenye sanduku mpaka nipate siku nzuri ya kumwonyesha Bwana wa misheni. Mchwa wakaula. Nilipofungua sanduku nikakuta vumbi.” Alihesabu kitu kwa vidole, nadhani ni zile beti. “Unajua, nilishukuru. Nilisema afadhali. Sasa nina miaka hamsini na mbili na bado siku nyingine nashukuru.”

Akaaga. Nilimsindikiza mpaka njiani, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Kumbe hafumbi macho kwa kuogopa kingine kisiliwe akiwa hatazami. Nimekaa na daftari hili magotini na sikupenda uzito wake.

Jumapili, 2 Juni

Nimeumaliza. Mistari thelathini. Una mwanzo, una kati, una mwisho, na mwisho hauna mbuzi. Sijapata kumaliza wimbo tangu nizaliwe.

Jumanne, 4 Juni

Nimemsomea Loisi, kwa kunong'ona, kwenye uga wa kupuria. Alisikiliza kwa makini. Akasema ni mrefu. Akasema maneno ya bega yamemgusa, maana mumewe naye ana sugu ya kubeba chuma. Akanitaka nimrudie ayashike. Tumerudia siku nzima, na jioni alikuwa ameshika mistari minane.

Jumamosi, 15 Juni

Ibada ni kesho. Loisi anasema ameshika wote. Nimemwambia auimbe, akasema anatunza koo.

Jumapili, 16 Juni

Ibada ya mavuno. Masuke yaliwekwa mbele, na maboga, na kuku wawili waliofungwa miguu. Bwana na Bibi wa misheni walikuwepo. Mama Stara alisimama nje dirishani na wateja wake wengine wa dini yake, kwa kuwa kuna nyama baadaye.

Loisi aliitwa. Akaanzisha wimbo wa ndege, wenye maneno ya shukrani yaliyotiwa na Mwalimu, na kanisa zima likaitikia mpaka vumbi likaanguka kutoka darini. Bibi vikongwe wa nyuma walikuwa macho. Mmoja alikuwa amesimama. Loisi alipofika mwisho watu waliwatia pacha wake humo humo, na Mwalimu hakuzuia.

Kisha Mwalimu akatangaza wimbo mpya. Loisi akatazama dari, akasema, “Mwalimu, huu sikuutunga mimi. Hata ule wa kwanza, changu ni mbuzi tu. Mwenyewe yule pale,” akaninyooshea mkono, akarudi kukaa.

Nimejaribu kukumbuka nilifikiri nini, na nadhani sikufikiri kitu. Wote waligeuka, vile vile nilivyokuwa nimewaona mwezi uliopita. Mwalimu Methusela alinitazama, na usoni mwake hakukuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayesubiri sanduku lifunguliwe. Nikasimama. Nilienda mbele na nikaanza.

Mstari wa kwanza. Kimya. Wa pili. Kimya. Wa tatu, ambao ndio siku zote nimefia hapo, na hakuna aliyeitikia. Hakuna aliyekohoa pia. Walinikodolea macho midomo ikiwa wazi kidogo. Niliogopa sana, sitaki kudanganya humu. Nikaimba wa nne. Nikaimba wa tano. Nikaimba habari ya bega, na kwato, na usingizi wa mtu anayeguswa asiamke. Sauti ilikatika katika wa kumi na tisa, nikauanza upya. Niliimba mistari yote thelathini peke yangu, mbele ya watu mia mbili na kuku wawili, na hakuna aliyeitikia hata neno moja.

Ulipoisha nikarudi mahali pangu. Mwalimu akasema amina. Tukatoka kwenda kwenye nyama.

Sikufa. Naliandika kama jambo nililolishuhudia.

Jumatatu, 17 Juni

Tunapura. Nilifika ugani mapema ili nianze kazi kabla ya wengine na nisitazamane na mtu. Loisi alikuwa ameshafika, na wanafunzi wangu wanne. Walinisalimu kama kawaida. Tukapiga masuke.

Halafu Loisi akasema, “Ule wimbo wako una kasoro.”

Nikamwambia naijua, haukuitikiwa.

“Tungeitikia wapi?” akasema. “Tulikuwa tumekaa pale midomo wazi tunangoja utuachie nafasi. Hukutuachia. Ukimaliza huu unaingia huu, ukimaliza huu unaingia huu. Mwenyewe nilipokuwa naushika nilisema labda ni wa namna hiyo, wa kusoma.”

“Tulitaka kuingia pale kwenye kwato,” mwanafunzi mmoja akasema. “Mimi nilishafungua mdomo. Ukapita.”

“Na pale pa kuguswa asiamke,” akasema mwingine. “Pale mama mkwe alilia.”

Nilisimama na fimbo ya kupuria mkononi. Wimbo wa ndege niliuimba nikiinama kuokota madongo, na kila nilipoinama Loisi aliingia. Huu nilioukalia mlangoni na kalamu nilikuwa nimeujaza ukingo hadi ukingo, kama mtu anayeogopa karatasi isiharibike. Nikawauliza wangetaka kusema nini pale kwenye kwato. Wakaanza kuniambia, wote kwa pamoja, na hawakukubaliana.

Jua limeinuka na wengine wamekaa kivulini. Nimefuta mistari sita, na kila nilipofuta nimeacha wazi. Loisi amekaa kando yangu anatafuna punje mbichi, anasubiri niweke kalamu chini nianze upya.